TAHADHARI: Muuza spika "za kanisani Uingereza" pale Kariakoo

Wadau, nimekaa siku kadhaa bila kuandika kwa sababu ya aibu. Mtu ana miaka kumi na moja anapiga mziki kwenye maharusi, anauziwa makopo kama mtoto aliyetumwa chumvi. Lakini bora mnicheke kuliko mwingine naye aliwe.

Zile spika zangu za mwanzo hazifai tena, mnajua yaliyozikuta, sirudii. Nilikuwa na harusi Jumamosi, Tabata, wageni mia tatu, na kianzio cha laki tatu nilishakitumia. Alhamisi nikaingia Kariakoo. Jamaa ana frem ghorofani, ndani ndani huko.

Msinihukumu, anaijua kazi. Hakukimbilia bei. Aliniuliza napiga kumbi za ukubwa gani, mikisa ipi, sabufa ngapi. Akaniwekea kiti, akaagiza soda. Akasema pea hii imekuja na kontena kutoka Uingereza, ilikuwa ya kanisa: "Kaka, hii haijapigwa singeli hata siku moja." Na kweli nyuma kuna stika ya kanisa, imebanduka nusu. Ile stika ndiyo iliyonimaliza. Nikajiuliza, nani atahangaika kubandika stika ya kanisa kwenye spika feki? Sasa namjua.

Nikaomba tujaribu. Akachomeka flashi yake, kwaya moja tamu, kinanda na sauti za kina mama. Nikataka kupandisha sauti, akanishika mkono taratibu: "Kaka, duka la jirani kuna mgonjwa wa presha." Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikashusha kwa huruma! Milioni moja na laki sita, nikaituma kwa simu palepale.

Jumamosi, saa mbili na nusu usiku. Maharusi mlangoni, MC ameshawasimamisha watu, kina mama wa kamati na vitenge vyao vya sare wamepanga mstari, vitambaa juu. Nikaachia wimbo wa kuingilia. Besi ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja imepasuka. Ya tatu haikuja. Spika ya kulia ikatoa mlio kama mtu anachana turubai, kisha harufu ile mnayoijua ya koili inayoungua. Kijana wangu akakimbilia ya kushoto, nayo inatoa twita peke yake, kile kispika cha sauti nyembamba, tsi tsi tsi. Bibi harusi ameshanyanyua mguu. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia feni.

MC, Mungu ampe maisha marefu, akatoka mbio nje akawakuta matarumbeta bado wako juu ya pikapu wanagawana hela. Ndio waliowaingiza maharusi, na wakadai laki moja ya nyongeza. Imetoka mfukoni mwangu. Kianzio nimerudisha, iliyobaki sikulipwa. Mama mzazi wa bibi harusi alikuja mezani kwangu, akaniangalia, akaziangalia spika, akaondoka bila neno. Afadhali angenitukana.

Nyumbani nikafungua skrubu. Boksi ni la kweli, wavu wa mbele ni wa kweli. Wufa la inchi 15, lile la kutoa besi, lina sumaku ndogo kama kopo la kiwi! Amplifaya ya ndani ni bodi ya sabufa la sebuleni. Jumatatu nimerudi, frem inauza madera. Simu yake haipatikani. RB ya polisi ninayo.

Huyu mtu akipatikana asikimbizwe mahakamani. Aletwe kwanza ukumbini, asimame mbele ya kina mama wa kamati, aimbe yeye wimbo wa kuingilia, bila maiki. Halafu afungwe, na kila usiku apigiwe kwaya ileile mpaka alie.

Dalili? Zilikuwepo. Spika nyepesi, nilibeba moja kwa mkono mmoja nikajisifu nina nguvu. Skrubu zina mikwaruzo mipya. Wati 2000 zimeandikwa kubwa, RMS, yaani nguvu halisi ambayo spika inahimili muda wote, haipo popote. Jina lililotokea wakati natuma hela ni la mwanamke, eti mkewe. Na mtu anayechomeka flashi yake badala ya yako, anayekataa sauti ipande... aah, niishie hapo, nimeshapandwa tena.

Jumamosi hii nina sendofu Mbagala. Mwenye pea ya kuniazima aniambie, nitaifuata mwenyewe, na flashi yangu nitakuja nayo.