Kulipia tovuti za nasaba: nani alipe, nani aache

Kabla hujatoa kadi ya benki, jiulize: je, babu yako aliwahi kuandikwa na karani? Kinachouzwa na tovuti hizi ni ruhusa ya kuangalia nakala za makaratasi: sensa, orodha za abiria wa meli, vitabu vya ubatizo na ndoa. Pasipo na karani hapana karatasi, na hapo hata ulipe mwaka mzima utaambulia mtu wa Birmingham ambaye jina lake linafanana na lako kwa mbali.

Kuna tatizo jingine linalotuhusu sisi hasa. Mitambo yao hutafuta jina la ukoo lisilobadilika, nasi tunabeba la baba na la babu. Juma Hamisi Mbaruku akimzaa Salimu, mtoto ni Salimu Juma Hamisi, na Mbaruku keshaanguka njiani. Hapo hujaja kwenye Hamisi, Khamis, Hamis, na karani Mwingereza aliyeandika alivyosikia. Kwa hiyo tafuta kwa mahali na mwaka, jina liwe la kuhakikishia tu.

Nafasi ya kwanza naipa FamilySearch, na ni bure. Inaendeshwa na kanisa la Wamormoni, ambao wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za nasaba huko Utah tangu 1894. Kinachoipandisha kwangu ni kwamba katika nchi kadhaa za Afrika, Ghana na Kongo zikiwemo, imetuma watu kuwarekodi wazee wakitaja vizazi kwa mdomo. Ila mti wake wa ukoo, ule wa marehemu, ni wa wote, mtu yeyote aweza kumhamisha babu yako kwa baba mwingine, basi weka nakala yako pembeni. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: ukifika kwenye vituo vyake, vingi vikiwa ndani ya makanisa yao, kwa kawaida unafungua tovuti za kulipia, yaani Ancestry, Findmypast na MyHeritage, bila kulipa. Walioko Uingereza waulize kwanza maktaba ya mtaa, kwa sababu nyingi zimekwisha kulipia.

Ya pili ni mwezi mmoja tu, nasisitiza mmoja, wa Findmypast au Ancestry, kwa mwenye sababu. Sababu nzuri kuliko zote ni meli. Orodha za abiria waliotoka Uingereza kati ya 1890 na 1960 ziko Findmypast. Za walioingia, 1878 hadi 1960, ziko Ancestry. Mzee aliyepanda meli Mombasa akaenda kusoma London miaka ya 1950 anaweza kuwemo, pamoja na umri, kazi na anwani aliyokuwa akiielekea. Familia za Wagoa na Wahindi wa Afrika Mashariki, na wenye bibi Mwingereza, nao watapata cha kusoma. Mwenye wazee waliokaa Handeni au Kitui maisha yao yote asiguse pochi.

Wala usilipie kumtafuta babu aliyekuwa mpagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo. Makaburi ya kijeshi ya Jumuiya ya Madola yana hifadhidata ya bure, na taasisi inayoyatunza ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jina ambalo halikuandikwa hakuna atakayekuuzia.

MyHeritage ni ya tatu. Inafaa kwa wenye ndugu Ulaya bara, na vifaa vyake vya kupaka rangi picha za zamani vinafurahisha shangazi, lakini kwa ukoo wetu sioni cha kulipia.

Mkiani naweka vipimo vya DNA. Jamaa utakaoonyeshwa ni wale waliopima pia, na kwetu ni wachache. Isitoshe, nywila ikivuja unabadilisha, damu hubadilishi. Taarifa za wateja wa 23andMe, kampuni ya vipimo hivyo, ziliibwa 2023, na Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Ukiamua kulipa, jihadhari na majaribio ya bure. Mimi kampuni moja ilinikata ada ya miezi sita kwa sababu nilisahau siku moja tu, na barua pepe zangu tatu hazikujibiwa. Siku hizi nasitisha usajili saa ile ile niliyolipa, kisha naendelea kutumia mpaka muda uishe. Andaa majina, miaka na bandari kwenye daftari kabla ya kulipa, na kila ukurasa unaokufaa upakue siku hiyo hiyo, kwa kuwa muda ukiisha picha hizo hutazifungua tena.