Steshenari ya nyuma ya Soko la Majengo, Dodoma: walivyonisaidia kuomba cheti changu cha jeshi kibadilishwe

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu maduka. Hili naliandika kwa sababu watu wawili wameniuliza nilikopeleka karatasi zangu. Mmoja ni kijana wa Kondoa aliyetumikia jeshi la Marekani kama mimi, na naona afadhali nieleze mara moja kwa kirefu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja, kati ya fundi wa kuchomelea mageti na muuza mchele wa jumla. Ndani kuna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa na benchi la wateja. Mwenye duka ni mama mtu mzima, alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Wateja wake wengi ni wanafunzi wa vyuo na watu wanaotafuta ajira. Jambo langu mimi hakuwahi kukutana nalo.

Nilikwenda Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi, na mwenye grini kadi anaruhusiwa kujiunga na jeshi lao. Nikajiunga, nikawa dereva wa malori, na mwaka 2011 nikapelekwa Afghanistan. Huko lori lililokuwa mbele yangu lililipuliwa na bomu la kutegwa barabarani. Nilirudi kambini Texas nikiwa silali usiku. Mwaka uliofuata mama yangu akaugua huku Mvumi. Nikaomba ruhusa, nikaambiwa nisubiri, nikaondoka bila kibali. Nilikuwa mtoro kwa siku 94. Niliporudi nikapewa karatasi ya kuomba kuachishwa badala ya kushtakiwa mahakama ya kijeshi, nikaisaini asubuhi ileile. Ndiyo maana cheti changu cha 2013, kile wanachokiita DD 214, kinasema niliachishwa katika hali isiyo ya heshima.

Aliyewahi kushika cheti cha namna hiyo anajua uzito wake. Fedha za masomo wanazopewa wanajeshi waliotumikia baada ya Septemba 2001 zinataka uwe umeachishwa kwa heshima kamili. Uraia wa kupitia jeshi nao unadai utumishi wa heshima. Mwajiri akikiona anakurudishia bila kusema neno. Nikarudi nyumbani, na leo naendesha boza la maji, napeleka maji kwenye majengo yanayojengwa Ihumwa na Mtumba.

Kambini tulikuwa tunaambiana kwamba ukikaa miezi sita cheti kinapanda chenyewe. Si kweli, na imani hiyo imewapotezea wengi muda. Hakuna kinachobadilika mpaka mwenyewe uombe. Nilipojua hivyo nikaangukia kwa wakala mmoja hapa mjini, akachukua shilingi 400,000 na kuniandikia kurasa mbili za Kiingereza kizito zikisema nilionewa na sikuwahi kutoroka. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba fomu ya maombi, DD 293, haina ada hata senti moja, na kumbukumbu zako za utumishi unaziomba bure kutoka kituo cha kumbukumbu cha St. Louis.

Na barua hiyo ya wakala ndiyo niliyoingia nayo dukani. Nikamsalimia mama mwenye duka shikamoo, akaitikia marahaba, akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akailaza mezani kifudifudi.

"Mwanangu, uliondoka kambini au hukuondoka?"

"Niliondoka, mama."

"Basi karatasi hii inakufanya mwongo mbele ya watu wenye faili lako mkononi."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Hakutaka niandike Kiingereza kwanza. Alitaka nimsimulie kwa Kiswahili, yeye akichapa, kuanzia siku niliyovaa sare mpaka siku niliyoivua. Tulitumia alasiri tatu. Nikiruka kitu ananirudisha. Nikisema "nilikuwa na matatizo" ananiuliza matatizo gani, saa ngapi, nani aliyaona.

Siku ya pili fundi wa jirani aliangusha bati zito la geti sakafuni. Nilijikuta chini ya meza ya mama, nimekumbatia begi langu, sijui nimefikaje. Kulikuwa na wanafunzi wanne kwenye benchi. Mama aliwaambia kwa upole warudi baada ya nusu saa, akafunga mlango, akachuchumaa pembeni yangu bila kunigusa, akasukuma chupa ya maji sakafuni mpaka ikafika karibu na mkono wangu. Hakusema kitu mpaka nilipotoka mwenyewe na kukaa. Ndipo akageuza kioo cha kompyuta kunielekea.

"Hili lililotokea sasa hivi, mwanangu, liko wapi kwenye maelezo yako?"

Halikuwemo. Miaka yote nilikuwa nalificha, nikiogopa watasema nina kichaa. Yeye ndiye aliyeniambia niende Mirembe. Kwa asiye wa hapa: Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, na Tanzania nzima jina hilo watu hulitupiana kama tusi. Nilipita mbele ya lile geti siku mbili bila kuingia. Ya tatu nikaingia. Daktari alinisikiliza kwa saa nzima, nikarudi tena na tena, na mwishowe akaandika ripoti kwamba nina ugonjwa unaotokana na kiwewe cha vita. Sasa natumia dawa na nalala. Hata maombi yangu yakikataliwa, hilo tayari nimelipata.

Ripoti ile ina uzito mkubwa kwenye maombi. Wanasheria wa Marekani wanaowasaidia wanajeshi wa zamani kwa kujitolea, ambao tuliandikiana nao kwa barua pepe, walinieleza kwamba Wizara ya Ulinzi yao imetoa nyaraka za kuzielekeza bodi za jeshi zinazoamua maombi kama haya. Wa kwanza ulitoka Septemba 2014 chini ya Waziri Chuck Hagel. Wa Agosti 2017 unaitaka bodi ijiulize mambo manne: je, mtu huyu alikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa, je, lilikuwepo akiwa jeshini, je, kweli linapunguza uzito huo, na je, lina uzito kuliko kule kuachishwa kwenyewe. Mama aliyachapa maswali hayo manne kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani juu ya printa, na kila aya niliyoandika tuliipeleka pale ukutani: hii inajibu la ngapi? Isiyojibu lolote ikatolewa. Kurasa tano zangu za malalamiko dhidi ya sajenti wangu zote zikaondoka, na ziliniuma kweli.

Kuna waraka mwingine wa Julai 2018 unaohusu huruma na haki, unaoruhusu bodi kutazama mtu ameishije tangu atoke. Kwa ajili hiyo tulihitaji barua za watu. Mwenyekiti wa kitongoji kule Mvumi aliniletea mistari miwili: ananifahamu na mimi ni mtu mzuri. Mama akairudisha. "Ametenda nini? Aandike alichokiona." Nikarudi Mvumi, nikapiga mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kwa wazee, nikakaa na mwenyekiti chini ya mwembe. Safari hii akaandika kwamba mwaka ambao pampu ya zahanati iliharibika nilipeleka boza siku tisa mfululizo, na kina mama waliokuja kujifungua hawakurudishwa. Mimi nilikuwa nimesahau. Barua zote zilikwenda kwa Kiswahili kama zilivyoandikwa, kila moja na tafsiri yake nyuma.

Wanaofikiria kuomba, angalieni tarehe zenu. Bodi hii ya kupitia upya inapokea maombi ndani ya miaka 15 tangu kuachishwa, na haiwezi kugusa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Ukivuka miaka hiyo unakwenda bodi nyingine, ya kusahihisha kumbukumbu, kwa fomu DD 149. Hiyo ina kikomo cha miaka mitatu tangu ugundue kosa, ingawa inaweza kukisamehe kwa ajili ya haki. Pia fomu inakuuliza kama unataka wasome karatasi tu au usikilizwe mwenyewe. Niliomba wasome karatasi kwanza, kwa sababu wakikataa bado nitaweza kuomba kusikilizwa, lakini ukianza na kusikilizwa hurudi nyuma.

Sasa kasoro za duka, maana zipo. Printa inaacha mstari mweusi pembeni, na nilikataa kutuma ripoti ya daktari ikiwa hivyo. Tukaenda kuichapa kwingine. Umeme ukikatika kazi inalala, hawana jenereta. Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi usiende, utakaa kwenye benchi mpaka jioni. La nne ni kubwa zaidi. Kijana anayemsaidia aliacha maelezo yangu wazi kwenye kompyuta ya wateja, na nilimkuta dada mmoja anayasoma. Nilikasirika sana, nikatoka na kukaa siku tatu bila kurudi. Mama alinipigia simu kuomba radhi, hakumtupia kijana lawama, akasema duka ni lake. Niliporudi nikakuta kompyuta yake ina nywila na faili langu lipo huko peke yake. Nilisamehe, lakini nawaambia: mkipeleka mambo ya siri, ombeni mhudumiwe na yeye mwenyewe.

Bei: kuchapa ukurasa shilingi 1,000, tafsiri 8,000 kwa ukurasa, kuskani 500. Mimi zilikuwa kurasa 12 za kuchapa, 8 za tafsiri na 22 za kuskani, jumla 87,000, nikalipa kwa mafungu ndani ya wiki tano. Alasiri zile tatu za kunisikiliza hakuzitoza. Nilipotaka kumwongezea akanirudishia noti mkononi.

Hajui sheria za Marekani na hajidai kuzijua. Ukiwa na swali la sheria tafuta wanasheria wa kujitolea kama nilivyofanya. Lakini kama tatizo lako ni kwamba hujui uanzie wapi kusema lililokupata, mpelekee yeye.

Bahasha imekwenda kwa bodi, Arlington, Virginia, na majibu bado. Nakala iko kwenye kabati lake la bati, rafu ya pili. Juu ya faili ameandika kwa kalamu nyekundu jina langu, na chini yake mwaka 2028, miaka yangu 15 inapoisha, akaupigia mistari miwili. Wiki iliyopita nilipita kutoa fotokopi ya leseni, akaniuliza kwanza kama nimelala vizuri, halafu ndiyo akawasha mashine.