OpenBSD kwenye ThinkPad X200 ya mtumba, uzoefu wangu hapa Lamu

Mimi nina kiduka cha kuchapa na kufotokopi hapa Langoni, na kazi zangu zote nazifanya kwa laptopu iliyotengenezwa 2008. ThinkPad X200, prosesa yake Core 2 Duo, nilinunua mtumba shilingi elfu saba nikaongeza ram ikafika GB 4 na diski ya SSD ya GB 120, basi. Ilikuja na Windows 10, ukiiwasha asubuhi wapika chai wanywa wamaliza ndio yafunguka, tena Microsoft walikuwa washatangaza masasisho yake ya bure yaishia Oktoba 2025 na Windows 11 haikubali prosesa ya zamani namna hii. Mashine kibodi yake tamu, skrini haina doa, niitupe kwa nini?

Watu wakaniambia weka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Linux ni nzuri sina ugomvi nayo, lakini mimi nilichukua OpenBSD, nao ni mfumo mwingine wa namna hiyo, na sababu yangu kubwa ni moja, maelezo yake yote yamo ndani ya mashine. Hapa bando ni pesa na kuna siku mtandao wazunguka tu mpaka jioni, sasa ukikwama na mfumo ambao kila jawabu lake lataka utafute intaneti umekwisha. OpenBSD waandika man halafu jina la kitu, umepata ukurasa mzima, na si maneno makavu, kuna mifano ya kuiga ilivyo. Hawa watu wa OpenBSD walianza 1995, kiongozi wao ni Theo de Raadt wa kule Canada, kila miezi sita watoa toleo jipya, na kwao maelezo yakiwa na kosa ni kosa kama kosa la programu, yanarekebishwa. Mimi Kiingereza changu ni cha fomu four na nimeyaelewa.

Kuinstoli hakukunisumbua. Faili lake ni kama MB 700, unaliweka kwenye fleshi, mashine yakuuliza maswali na karibu yote nilibonyeza Enter tu. Wai-fai ndiyo haikuwaka mara moja, kwa sababu kadi ya Intel yataka faili lake dogo ambalo halimo kwenye fleshi, lapakuliwa kwa intaneti, na intaneti yenyewe ndiyo huna! Nilichofanya nilichomeka simu kwa waya wa USB nikawasha ile ya kugawa data, OpenBSD ikaiona simu kama kadi ya mtandao kwa jina urndis0, nikapiga fw_update, amri ya kupakua lile faili, dakika moja kwisha. Baada ya hapo ni mistari miwili tu kwenye faili la hostname.iwn0, jina la wai-fai na paswadi, halafu inet autoconf, yaani ijipangie anwani ya mtandao yenyewe, na tangu siku hiyo yajiunga yenyewe.

Kitu kilichonichanganya zaidi ni Firefox, kivinjari changu cha intaneti. Mzee mmoja alikuja na fleshi yenye vyeti vya mwanawe ataka vitumwe kwa imeili, nikafungua fleshi nikaviona vizuri, nikaenda kwenye Firefox kuviambatisha, hakuna kitu, folda tupu! Nikamwambia baba nipe dakika kumi. Nikafungua pkg-readmes, ni folda ambayo programu nyingi zaacha maelezo yake humo, nikakuta jawabu: Firefox ya OpenBSD imefungiwa, haioni mafaili yako ila yaliyo kwenye Downloads na vijisehemu vichache inavyovihitaji, ili ukiingia tovuti mbaya isiweze kukuchokorea nyaraka zako. Nikakopi vyeti kwenye Downloads, vikaenda. Siku ile nilikereka lakini sasa naipenda kwa moyo, mimi nashika vitambulisho vya watu hapa, vyeti vya kuzaliwa, stakabadhi za mashamba, ni amana hizo. Hata maikrofoni huja imezimwa, programu ikitaka kukurekodi yapata kimya mpaka wewe mwenyewe uiruhusu.

Sasa niseme ubaya wake, na huu ni mkubwa kwa mji wenye stima kama yetu. Siku za kuelekea Maulidi mji umejaa wageni, nachapa ratiba ya madrasa kurasa nane, betri ya laptopu ilikuwa ishakufa nategemea waya, stima ikakatika pap. Iliporudi nikawasha, maandishi meupe juu ya bluu yakateremka kama kawaida halafu yakasimama, yasema ukaguzi wa mafaili umeshindikana na mwisho wake neno help, nikaachiwa alama tu yasubiri niandike amri. Wallahi mikono ilinitetemeka. Shida ni kwamba OpenBSD haiweki daftari la mabadiliko ya diski kama inavyoweka ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, kwa hivyo umeme ukienda ghafla lazima ikague sehemu moja moja ikiwaka, na ikikuta kasoro isiyothubutu kuigusa peke yake yakuita wewe. Na hapo man haifunguki, maana sehemu ya diski inamokaa bado haijaunganishwa! Bahati nilikuwa nishasoma man fsck, ukurasa wa amri ya kukagua diski, zamani nikaandika kwenye daftari la madeni, nikapiga fsck -y, ikarekebisha, nikaandika exit ikaendelea kuwaka. Ratiba ilikuwepo, nilipoteza aya moja ya mwisho. Ukiweka OpenBSD mahali stima haitulii andika amri hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani, nakuomba.

Mengine ni madogo. Bluetooth hakuna, waliitoa 2014 na hawajairudisha. Video za YouTube naangalia 480 haina tabu, ukipanda juu yaanza kukwama. LibreOffice ninayochapia yachelewa kidogo kufunguka mara ya kwanza ila ikishafunguka haina neno, na printa yangu ya HP LaserJet ilikubali nilipoweka cups na hplip, programu za kuendesha printa. Kuhamia toleo jipya ni amri moja, sysupgrade, naiacha usiku nikifunga duka.

Betri mpya nimeletewa wiki jana kwa boti kutoka Mokowe, ni ile ya seli tisa, yatokeza nyuma kama mkia. Tangu hapo stima imekatika mara mbili, nikapiga apm, amri ya kuonyesha chaji, nikaona asilimia 91, nikaendelea kuchapa.