Kuagiza gari Japani ukiwa Arusha, au kununua yadi?

Marekani, jimbo kama Texas linamzuia mtengenezaji kumuuzia mteja gari jipya moja kwa moja. Lazima lipitie kwa wakala. Kwetu, anayetaka gari lililotumika halazimiki kupitia yadi: ukiwa na TIN unaagiza mwenyewe mtandaoni. Uhuru huo tunausifu, na chaguo ni pana kuliko yadi zote za Arusha. Ila kazi ya mwenye yadi inakuwa yako.

Kazi yenyewe ni kusoma karatasi ya mnada, ambayo mkaguzi wa mnada Japani huandika hali ya gari. Picha hupigwa gari likishaoshwa, usizitegemee. Omba karatasi kabla ya kulipa. Gredi 4 ni gari zuri, 3.5 linavumilika, R liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipokarabatiwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. W moja mlangoni haina shida. XX kwenye boneti pamoja na W kwenye madigadi ya mbele, hilo lilipigwa usoni. S ni kutu. Ikitajwa chini ya gari, achana nalo. Chumvi wanayomwaga Japani barabarani kuyeyusha theluji hula chesisi taratibu, na rangi mpya huificha tu.

Bei ya FOB, yaani gari likiwa bandarini Japani, haina nauli ya meli, hivyo ulizia CIF, yenye nauli na bima, mpaka Dar. Juu yake kuna ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha VAT 18%. Lililozidi miaka 8 huongezewa kwa sababu ya umri. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, maana wao wana thamani yao, si ya ankara yako. Lipa akaunti ya kampuni tu. Ukiletewa barua pepe kwamba akaunti imebadilika, piga simu kwanza.

Kabla ya safari ya Dar hadi Arusha, badilisha oili na usome kwenye tairi tarakimu nne za lini lilitengenezwa: 1216 ni wiki ya 12, mwaka 2016, limezeeka, kwa hiyo badilisha. Redio itahitaji kibadilisha bendi, kwani FM ya Japani huanzia 76 na haifiki 108 kama ya kwetu.

Anayetaka gari wiki hii aende yadi, lakini afike asubuhi, injini ikiwa bado baridi, aiwashe mwenyewe.