Inama bookshop za Tom Mboya: poa kwa vitabu vya kupeana, lakini chagua mwenyewe

Kama unatafuta vitabu vya watoto vya kupelekea familia za Mukuru ama Mathare na mfuko umekauka, wachana kwanza na maduka makubwa, huko kuna VAT ya 16% juu ya bei, shuka barabara ya Tom Mboya, Nairobi, uiname na wengine. Vitabu vimetandazwa kwa gunia hapo chini, vile vyembamba vya hadithi nilichukua kwa mia moja, na ukibeba rundo jamaa anakupunguzia. Akaniambia, “Madam, ongeza hizi za kurasa ngumu, watoto wadogo hawazirarui,” na kweli nikaongeza.

Sasa shida. Usikubali akuchagulie kijumla, kwa rundo langu alichomeka vitabu vya kiada vya darasa la nane, na KCPE, ule mtihani wa darasa la nane wa mfumo wa zamani, ya mwisho ilifanywa 2023, mtoto wa Gredi 4 atafanya nazo nini jameni? Zingine ukurasa wa mwisho umetoka, yaani mtoto anasoma mpaka kwa utamu halafu hadithi inakatika. Fungua kila kimoja, na unuse, zile zilinyeshewa zina ukungu.

Kiswahili nacho ni haba. Mtumba karibu wote ni Kingereza, theluji sijui na nini, za Kiswahili nilimalizia duka la kawaida kwa bei yao, afadhali chache ambazo mama atamsomea mtoto jioni bila kukwama.

Nyota 4. Na ubebe kiondo, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na hawa hawana ya kukupa.