Uzoefu wangu: muvi ya Heintje ya mwaka 1969, na kwa nini nimeipa nyota tatu

DVD hii niliipata kwa yuro mbili kwenye gulio la Jumamosi. Mitumba ya Kijerumani: vikombe vya marehemu, viatu vya kuteleza kwenye barafu, na boksi zima la muvi za zamani. Jina lake ni Heintje – Ein Herz geht auf Reisen, tuseme "Moyo unasafiri". Sikuinunua kwa ajili yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, nahudumia wazee katika makazi yao karibu na Aachen, magharibi kabisa ya Ujerumani, na kila Alhamisi baada ya kahawa na keki mmoja wetu huweka muvi ukumbini. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa ameniomba hii tangu Krismasi, na kila nikimpeleka kuoga ananikumbusha.

Kwa asiyemjua, Heintje ni Hein Simons, Mholanzi aliyezaliwa 1955 Kerkrade, mji uliokuwa wa migodi ya makaa ya mawe. Kerkrade na Ujerumani wamegusana kabisa: kuna barabara moja pale ambayo upande huu ni nchi hii na upande wa pili ni nchi ile. Nimeshaivuka kwenda kununua chipsi na nikarudi kabla simu haijajua niko wapi. Lahaja ya watu wa mji ule na ya majirani zao wa Ujerumani ni ndugu wa damu, kwa hiyo Kijerumani hakikuwa kitu kigeni masikioni mwa mtoto yule. Mwaka 1968 alitikisa Ujerumani nzima kwa wimbo "Mama". Wimbo wenyewe ni wa Kiitaliano, wa Cesare Andrea Bixio, na miaka mingi kabla yake aliuimba Beniamino Gigli, bonge la mtu mzima mwenye sauti ya opera. Ukija kuusikia kutoka kwa mtoto unaelewa kwa nini akina mama walinunua sahani zake za santuri. Baada ya sahani zikaja muvi, mfululizo, kama wafanyavyo wenye biashara yao popote.

Hii iliongozwa na Werner Jacobs. Heinz Reincke na Gerlinde Locker ndio watu wazima wakuu, lakini stelingi ni mtoto, tena hajatimiza hata miaka 15. Ni yatima anayelelewa na Tante wake. Hapo nikakwama. Kijerumani kina Tante mmoja tu, huwezi kujua kama ni shangazi, mama mkubwa au mama mdogo. Nikasimamisha deki nikauliza: huyu ni dada wa baba au dada wa mama? Ukumbi mzima ukanitazama kana kwamba nimeuliza ana meno mangapi. "Ni Tante," bibi akanijibu, taratibu, kama unavyomwelewesha mgeni. Kwetu jambo hilo lingebadilisha hadithi yote. Basi, Tante anaingia matatani na sheria na mtoto anabaki mikononi mwa watu wengine. Yaliyobaki utayatabiri mwenyewe kabla hujamaliza kipande chako cha keki.

Hadithi kwa kweli ni nyepesi. Watu wanakutana kwa bahati mno, na matatizo yanayomaliza miezi ofisini kwa Wajerumani ninaowajua mimi (mtu aliyewahi kuomba kibali cha kuishi hapa ananielewa) kwenye muvi yanaisha kwa mazungumzo ya dakika mbili. Wachekeshaji nao wanachekesha kwa kupiga kelele.

Lakini kuimba! Mtoto anasimama, anavuta pumzi, na vinanda vinaanza kutoka hewani. Mwenzangu wa zamu, Mjerumani wa miaka 23, alicheka sana: orkesta imetokea wapi? Mimi sikuona ajabu yoyote. Nimelelewa na mama aliyekuwa akipanga foleni ya kukodi kanda za Kihindi. Mtu kufiwa saa hii na kuimba dakika tano zijazo, huku upepo ukimpeperusha nywele, ndiyo muvi ninayoijua. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayecheza. Wote wanasimama wima wanamtazama mtoto, macho yamelowa.

Na sauti yenyewe si ya mchezo. Haina ule ulaini wa kwaya ya kanisani. Ni ya wazi, ina nguvu kifuani, na kila neno analitamka hadi herufi ya mwisho. Wakati ule nilikuwa nasomea Kijerumani cha ngazi ya B2, na nakwambia, mistari ya nyimbo zake niliishika kuliko maneno ya mwalimu. Kitu kilichonikaa ni kwamba unamsikia akipanda juu kabisa na unajua amebakiwa na muda mfupi, besi iko mlangoni. Kampuni zilijua pia, nadhani, ndiyo maana kati ya 1969 na 1970 walimtoa kwenye muvi moja wakamtia kwenye nyingine bila kumpumzisha. Mwaka 2017 Hein Simons, babu mwenye miaka yake sitini na ushee, alitoa albamu ambamo anaimba pamoja na sauti yake mwenyewe ya utotoni. Nilimwekea bibi wimbo mmoja kwenye simu. Akasema, mzee naye anajitahidi.

Sasa upande wa pili. Babu mmoja, fundi mstaafu wa mitambo ya mgodini, alikunja uso tangu jina lilipotokea. "Mwaka 1969 nilikuwa na nywele hadi hapa," akaonyesha bega. Anasema vijana wa rika lake walikuwa barabarani wanaandamana na kusikiliza bendi ya roki ya Rolling Stones, na nyumbani mama yake anamwekea mvulana aliyechanwa nywele pembeni: ona, mtoto ni huyu. Kwake Heintje hakuwa mwimbaji, alikuwa fimbo ya kuchapiwa. Neno alilolitumia ni Kitsch, ambalo wao hulitumia kwa kitu kilichotiwa sukari hadi kikapoteza ladha. Bibi akamjibu kwamba mwaka ule yeye alikuwa na watoto watatu na mume wa zamu ya usiku chini ya ardhi, na sukari ndiyo aliyokuwa anaitaka. Wakabishana hadi nyimbo mbili zikapita. Hakuna aliyeondoka, babu pia hakuondoka, japo anadai alikuwa anasubiri kahawa ya pili.

Mimi nawaelewa wote wawili. Hizi ndizo zilipendwa zao, wanaziita Schlager, na zilipendwa husikilizwa na mwenyewe aliyekuwepo. Peke yangu sebuleni ningeizima nusu saa ya mwanzo. Pale ukumbini niliangalia nyuso zaidi kuliko skrini.

Kwa anayetaka kununua: nakala yangu haina maandishi ya tafsiri ya lugha yoyote, hata ya Kijerumani, kwa hiyo kama lugha bado haijakaa utaambulia nyimbo tu. Rangi zimetunzwa vizuri, ila sauti ya nyimbo iko juu sana kuliko ya mazungumzo, shika rimoti mkononi. Angalia jina lote juu ya jalada, kwa sababu muvi kadhaa zinaanza na "Heintje –" na muuzaji kwangu alikuwa amezichanganya. Na usiitume nyumbani bila kuuliza: DVD za Ulaya ni za ukanda namba 2, Tanzania na Kenya ni namba 5. Deki nyingi za bei rahisi kwetu zinasoma zote, lakini ya dada yangu Tanga iliikataa katakata.

Nakala yangu nimeiacha kabatini, chini ya deki ya ukumbini. Alhamisi ijayo ni zamu ya babu kuchagua, na ameshatangaza: makaboi, farasi, risasi, na asisikie mtoto hata mmoja akiimba.