Kilengeo kipi kwa nguruwe pori anayeswagwa: mwongozo wa kununua

Chukua darubini ya kawaida ya kulengea, ile inayokuza mara 3 hadi 9, ambayo wengi wetu tulianza nayo. Ukiiweka kwenye mara 3, inakuonyesha upana wa mita 11 au 12 kwa umbali wa mita 100. Lakini nguruwe anayeswagwa hapiti mita 100. Anapita mita 30 kutoka uliposimama, kwenye uwazi mwembamba kati ya vichaka viwili, na hapo upana wako umebaki mita tatu na nusu tu. Akikimbia kilomita 30 kwa saa anakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde. Piga hesabu: ameingia kwenye kioo na ametoka kabla nusu sekunde haijaisha.

Shida yote ya kuchagua kilengeo kwa uwindaji wa kuswaga iko hapo. Waswagaji na mbwa wao wanaingia msituni, wapigaji wamesimama kila mmoja kwenye kituo chake, na mnyama anatokea anapotaka yeye, kwa mwendo anaoutaka yeye. Risasi nyingi hupigwa kati ya mita 20 na 60. Kwa umbali huo kila kifaa nitakachokitaja kina usahihi wa kutosha, hata cha bei ya chini. Kwa hiyo la kuuliza kwanza ni jingine: kinakuacha uone nini pembeni mwa nguruwe? Mbwa aliye kwenye visigino vyake? Mswagaji aliyechomoza mapema? Watoto wanaomfuata mama yao hatua tano nyuma?

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu limenipata. Msimu mmoja nilikuwa na darubini iliyokuza mara 4, jicho la kushoto nimelifumba kama nilivyofundishwa, na kioo chote kimejaa manyoya meusi. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Nguruwe akapita nyuma ya mti, nikainua kichwa kumtafuta upande wa pili, ndipo nikamwona mbwa wa mwenzangu amebana ubavuni pake. Alikuwa hapo muda wote. Jioni ile niliifungua darubini ile na haijarudi kwenye bunduki yangu ya kuswagia.

Basi nimepanga kwa kigezo hicho: kwanza unachokiona, kisha kasi ya kulenga, kisha ustahimilivu kwenye mvua na baridi, na bei mwisho.

1. Nukta nyekundu iliyofungwa pande zote

Hiki ndicho ningemwambia mtu anunue kama bunduki yake ni ya kuswagia hasa. Ndani yake kuna taa ndogo sana inayopiga kwenye lenzi, na lenzi inairudisha machoni pako kama nukta inayoonekana kuelea mbali, pale pale alipo mnyama. Jicho linatazama kitu kimoja tu: nguruwe. Halihangaiki, kama kwenye vilengeo vya chuma, kupatanisha mfuo wa nyuma, ncha ya mbele na mnyama, vitu vitatu vilivyo kwenye umbali tofauti. Hata kichwa kikikaa vibaya kidogo kwenye kitako, nukta ikiwa juu ya mnyama, risasi itakwenda hapo au karibu sana na hapo. Na macho yote mawili yanabaki wazi, ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote.

Aina hii ina mizizi Uswidi. Kampuni ya Aimpoint ilianzishwa huko mwaka 1974 na mwaka uliofuata ikaingiza sokoni kilengeo chake cha kwanza. Leo vipo vya makampuni mengi. Kinachofaa kutazamwa ni hiki: taa na lenzi ziwe ndani ya bomba au kisanduku kilichofungwa mbele na nyuma, ili tone la maji au kipande cha theluji kisikae mbele ya taa na kuizima nukta.

Ukubwa wa nukta huandikwa MOA, yaani dakika ya pembe, na dakika moja ni karibu sentimita 3 kwa mita 100. Nukta ya dakika 2 inafunika sentimita 3 kwa mita 50. Ya dakika 4 inafunika karibu 6. Kwa nguruwe zote mbili ni ndogo kuliko eneo la moyo na mapafu. Ya 4 inashikwa na jicho haraka zaidi. Ya 2 inakupa nafasi zaidi akisimama mbali. Ningechukua 2 na kuongeza mwangaza kidogo, kwani nukta inayong'aa sana hutanuka yenyewe machoni.

Betri isikutie hofu. Kilengeo kama Aimpoint Micro H-2 kinakwenda saa 50,000 kwa betri moja ndogo ya duara kikiwa kwenye mwangaza wa kati. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano bila kuzimwa. Vya bei ya chini havifiki huko, na hapo tofauti ya bei inaonekana. Kama chako ni cha saa chache, kiwe na kitufe kilicho kigumu kujibonyeza chenyewe ndani ya mkoba, na weka betri ya akiba mfukoni. Uzito nao ni mdogo: hicho nilichokitaja hakifiki gramu 100 bila kishikizo chake, yaani kile kinachokifunga kwenye bunduki. Bunduki nyepesi upande wa juu inazungushwa kumfuata mnyama bila kuyumba.

Lipo onyo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Mwenye kasoro ya jicho ambayo konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, haikupinda sawasawa pande zote, haoni nukta. Anaona nyota, mkia wa kimondo au zabibu mbili zilizoshikana. Wengi hudhani kifaa ni kibovu. Kipige picha kwa simu ukiiweka simu pale jicho linapokaa. Picha ikionyesha nukta safi, tatizo liko machoni pako. Vaa miwani yako ya kawaida ujaribu tena. Ikibaki vibaya, ruka hadi namba 2.

2. Darubini ya mara 1 hadi 6

Kwa mtu mwenye bunduki moja tu, anayeswagiwa Jumamosi na siku nyingine kukaa juu ya jukwaa akimsubiri mnyama jioni, hii inapanda namba moja bila ubishi. Utaiona imeandikwa 1-4x24, 1-6x24 au 1-8x24. Namba ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ikiwa kwenye mara 1, zile nzuri zinaonyesha upana unaopita mita 40 kwa mita 100. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: kwa mita 30 hiyo ni mita 12, na nguruwe yule yule sasa anakaa kwenye kioo karibu sekunde moja na nusu. Sekunde hiyo moja ya ziada ndiyo unayoinunua.

Sharti la kwanza ni kwamba mara 1 iwe mara 1 kweli. Zipo zinazoanzia 1.25 au 1.5, na ukifumbua macho yote mawili utaona nguruwe wawili wa ukubwa tofauti kidogo. Ubongo unachukua muda kuamua amfuate yupi. Sharti la pili ni nukta yenye taa katikati ya msalaba wa kulengea, na taa hiyo ionekane mchana wa jua. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya giza la jioni, na saa nne asubuhi taa yake haionekani kabisa. Toka nayo nje ya duka uielekeze kwenye ukuta uliopigwa na jua. Muuzaji akikukatalia, nenda kwa mwingine.

Udhaifu wake uko kwenye jicho. Darubini inataka jicho likae kama sentimita 9 nyuma ya kioo, katikati sawasawa, la sivyo kivuli cheusi kinaingia. Umevaa koti zito la baridi, umegeuza kiuno kumfuata mnyama anayekwenda kulia, sentimita hizo 9 zinapatikana kwa mazoezi tu. Uzito nao ni karibu nusu kilo. Na kosa la kawaida kuliko yote ni kuisahau kwenye mara 6. Kila unapofika kituoni, mkono uende kwenye pete ya kukuzia kabla haujagusa risasi.

3. Kilengeo cha holografia

Kioo kikubwa kama dirisha, na ndani yake duara lenye nukta katikati, vikichorwa kwa mwanga wa leza. EOTech ndio wanaojulikana zaidi, na duara lao maarufu lina upana wa dakika 68. Duara hilo lina matumizi ambayo watu wa nguruwe huyagundua wenyewe, nami nitayarudia chini kwenye suala la kumtangulia mnyama. Ninachokipunguzia alama ni betri: aina hii inahesabu saa zake kwa mamia au elfu chache tu, na inajizima baada ya muda. Kituoni unaweza kusimama saa tatu bila kuona kitu, halafu vichaka vikatikisika. Kugundua wakati huo kwamba dirisha ni tupu ni uchungu usio na dawa.

4. Nukta nyekundu iliyo wazi

Kioo kimoja kidogo kimesimama, taa iko nyuma yake bila kifuniko. Ni nyepesi ajabu na haizibi chochote machoni. Siku kavu ni tamu kuliko namba 1. Siku ya mvua tone moja juu ya taa linageuza nukta kuwa doa, na theluji inaifuta. Kama msimu wako wa kuswaga ni mkavu, ipandishe nafasi mbili.

5. Vilengeo vya chuma

Mfuo mpana wa nyuma na ncha nene ya mbele, yenye rangi angavu. Havihitaji betri, haviingii ukungu, na bunduki inabaki kama ilivyozaliwa. Kijana mwenye macho makali anapiga vizuri navyo hadi mita 40. Baada ya miaka 45 hivi jicho haliwezi tena kuushika mfuo ulio karibu, na hapo usahihi unapotea bila wewe kujua ni lini. Mbaya zaidi, mwenye haraka huinua kichwa, ncha ya mbele ikapanda juu ya mfuo, na risasi ikapita juu ya mgongo. Viache kwenye bunduki kama akiba.

Darubini za mara 3 hadi 9 na vifaa vya kuona joto la mwili sivipangi. Vya joto vina kazi yake usiku pale sheria inaporuhusu, lakini havikuonyeshi vizuri matawi, waya wala ardhi iliyo nyuma ya mnyama, na kwenye kuswaga risasi lazima iishie ardhini. Wafaransa husimika vigingi vya kuonyesha pembe ya nyuzi 30 pande zote mbili za mpigaji ili ajue mwisho wa eneo lake. Kilengeo chochote kinachokuficha kigingi hicho hakifai.

Kumtangulia mnyama

Risasi inayokwenda wastani wa mita 800 kwa sekunde inatumia sekunde 0.06 kufika mita 50. Nguruwe wa kilomita 30 kwa saa anayekatiza mbele yako amesogea nusu mita katika muda huo. Kwa mita 30 amesogea kama sentimita 31. Anayekwenda mchakamchaka wa polepole ni nusu ya hapo, na anayekuja kwako moja kwa moja hahitaji kutanguliwa. Sasa liangalie duara la dakika 68: kutoka nukta ya katikati hadi ukingo ni sentimita 49 kwa mita 50, na sentimita 30 hivi kwa mita 30. Maana yake, kwa nguruwe anayekimbia kwa nguvu, ukingo wa duara ukiwa juu ya kifua, nukta iko karibu kabisa na pale inapopaswa kuwa, kwa umbali wowote wa kawaida. Nukta ya peke yake haikupi kipimo hicho. Utajifunza kwa urefu wa pua na kichwa cha mnyama.

Kujifunza kunataka uwanja wenye shabaha inayokimbia. Ule mchezo wa mita 50 uliokuwa kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 unaionyesha shabaha kwenye uwazi wa mita 10 kwa sekunde 5, au 2.5 ikiwa ya haraka. Hiyo ya haraka ni mita 4 kwa sekunde, nusu tu ya nguruwe aliyeshtuka. Anza hapo hata hivyo.

Kishikizo kabla ya kulipa

Pesa iliyobaki weka kwenye kishikizo, si kwenye chapa kubwa zaidi. Kiwe cha chini kadiri inavyowezekana, kwa sababu kitako cha bunduki nyingi za kuswagia kilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma, na kilengeo kirefu kinakulazimisha uinue shavu. Jaribu hivi dukani: bunduki tupu, umeikagua mara mbili, fumba macho, ipandishe begani kama mnyama ametokea, fumbua. Nukta iwe imeshatokea yenyewe, bila kuitafuta. Rudia mara kumi ukiwa umevaa koti utakalowindia. Ikikosekana mara tatu, badilisha urefu wa kishikizo au ongeza kipande cha kuinulia shavu, kisha jaribu tena kabla hujatoa pesa.

Kisha irekebishe ipige katikati kwa mita 100. Kwa mita 50 tofauti haitazidi sentimita moja au zaidi kidogo. Kaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, chora mstari mwembamba wa rangi kati ya kichwa cha skrubu na kishikizo, na kila asubuhi ya kuswaga utazame kama mstari huo bado umenyooka.